Ufunguo Uko Wapi? Hotuba kuhusu diski ya laptopu na usimbaji wake

Haya ndiyo niliyowaambia wanachama kwenye mkutano wetu. Wengi hawakufika, na baadhi ya waliofika wameomba wayasome kwa utulivu, kwa hiyo nayaweka yote kama yalivyonitoka mdomoni. Picha nilizorusha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, ndugu zangu, mabibi na mabwana, hamjambo?

Kabla sijasema lolote, naomba macho yenu mezani. Hii ni laptopu ya katibu wetu. Ameniazima kwa hiari yake, na nywila yake hajanipa, wala sikumwomba. Nimeizima. Naigeuza kifudifudi. Skrubu za kifuniko cha chini nilizilegeza mapema nisije nikawachosha. Kifuniko hicho, kimetoka. Mnakiona kile kibao chembamba, upana wa vidole viwili hivi? Ndiyo diski yenyewe. Inashikiliwa na skrubu moja tu. Naifungua… mmeona? Imejiinua upande mmoja, kama mtu aliyeguswa usingizini. Naichomoa, naitia kwenye kikasha hiki cha USB, nachomeka kebo kwenye mashine yangu. Haya, tazameni ukutani.

Faili za katibu. Mihutasari ya vikao. Orodha ya wanachama na namba zao za simu. Picha. Katibu, tulia, sifungui hata moja.

Tumetumia dakika ngapi? Nne. Na nywila yake iko wapi? Ipo palepale, salama salimini. Nywila ya kuingilia kwenye kompyuta ni bawabu. Bawabu hulinda mlango. Mimi sikupita mlangoni, nimeibeba nyumba.

Sasa najua wapo humu wanaojisemea moyoni, "Mimi sina siri, sina cha kuibiwa." Nawaheshimu. Hata wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini laptopu yako haibebi uchi wako peke yako, ndugu yangu. Mwalimu amebeba alama za watoto wa watu. Muuguzi amebeba majibu ya vipimo vya wagonjwa. Wakili amebeba kesi ambayo haijafika mahakamani. Mwaka 2006 kule Marekani, mtumishi wa wizara inayowahudumia wanajeshi wastaafu alichukua data za kazini akaenda nazo nyumbani. Nyumba ikavunjwa, laptopu na diski ya nje vikaenda. Ndani mlikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za watu wapatao milioni 26.5. Hakuna kilichosimbwa, yaani kilichogeuzwa kisisomeke bila ufunguo. Vifaa vilipatikana baada ya wiki kadhaa, na wachunguzi wakasema hawakuona dalili kwamba data zilifunguliwa. Hata hivyo, mwaka 2009 serikali ilikubali kulipa dola milioni 20 kuimaliza kesi. Mwizi wa nyumbani, yule anayetafuta kitu cha kuuza haraka, ndiye aliyeleta yote hayo. Mchuma janga hula na wa kwao, na hapa wa kwao walikuwa watu ambao mtumishi yule hakuwahi kuwaona.

Basi tuseme tumekubaliana kwamba diski isimbwe. Leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: ufunguo uko wapi? Ukimaliza kunisikiliza ukasahau kila kitu, usilisahau hilo.

Kusimba diski ni kuyageuza yote yaliyoandikwa humo kuwa vurugu tupu, isiyosomeka mpaka ufunguo sahihi upatikane. Kanuni inayotumika karibu kila mahali ni AES, kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Kabla yake palikuwa na DES ya mwaka 1977, yenye ufunguo wa biti 56, yaani mfuatano wa sifuri na moja 56. Mwaka 1998 ilitengenezwa mashine ya kuujaribu kila ufunguo mmoja mmoja, ikaupata uliotakiwa kwa saa 56. Biti 56, saa 56. AES inaanzia biti 128, na kila biti unayoongeza inazidisha kazi ya mvunjaji mara mbili. Kwa hiyo muuzaji akikuringia kwamba diski yake ni ya "biti 256", mwitikie kwa adabu, kisha umuulize swali letu. Watu hawavunji AES. Wanatafuta mahali ulipoacha ufunguo.

Na hapa lazima niwaeleze jambo ambalo likieleweka, mengine yote yanajipa. Funguo ni mbili, si mmoja. Upo ufunguo wa ndani, ambao diski au programu yenyewe huubuni kwa kubahatisha, na huo ndio unaosimba data. Huujui na hutaujua. Kisha ipo nywila yako. Nywila yako haisimbi data hata kidogo. Kazi yake ni kulifunga kasha dogo ambamo ule ufunguo wa ndani umehifadhiwa. Ndiyo maana ukibadilisha nywila ya diski yenye terabaiti nzima, kazi inaisha kwa sekunde chache. Kasha ndilo limebadilishwa kufuli. Mali haijaguswa.

Mmelishika hilo? Basi twende dukani.

Utakuta diski za aina mbili. Ya kwanza ni diski ya kawaida, na usimbaji unafanywa na kompyuta kwa programu: BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac, LUKS kwenye Linux. Ya pili ni diski inayojisimba yenyewe, kwa chipu yake ya ndani, na kwenye boksi lake la dukani wataandika Opal au maneno ya namna hiyo. Hii ya pili inavutia. Haiipi kompyuta kazi, inasimba tangu siku ya kwanza, hushughuliki na lolote. Mimi mwenyewe niliipenda. Kwa miaka kadhaa kila aliyeniuliza nilimwambia nunua hiyo.

Mwezi Novemba 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, Carlo Meijer na Bernard van Gastel, walitoa matokeo yao. Walikuwa wamezifungua diski za SSD, yaani za chipu kama ile ya katibu, za Crucial na Samsung, kampuni zenye jina, wakaisoma programu inayoziendesha. Walichokikuta ndicho kilichoninyamazisha. Kwenye baadhi ya diski hizo, nywila ya mwenye mali haikuwa na uhusiano wowote na ufunguo wa ndani. Diski iliuliza nywila, ikailinganisha na iliyo nayo, ikisema "sawa" inafungua, ikisema "siyo" inakataa. Basi. Aliyeweza kuibadilisha programu ya diski iseme "sawa" daima, alifungua bila nywila. Palikuwa hata na diski ambayo nywila kuu ya kiwandani ilikuwa tupu. Mali imesimbwa kwa AES safi kabisa, kasha la ufunguo halina kufuli. Tena bawabu! Yule yule wa katibu, safari hii amevaa sare.

Likazidi kuwa baya kwa sababu ya BitLocker. Wakati huo, ikiikuta diski inayodai kujisimba, ilikuwa inaiachia kazi yote. Mtu amewasha BitLocker, ameona alama ya kufuli, amelala usingizi wa pono, kumbe programu haikusimba kitu. Mwezi Septemba 2019 Microsoft waligeuza utaratibu, BitLocker ikaanza kusimba yenyewe bila kuitegemea diski.

Kwa hiyo ushauri wangu nimeugeuza na mimi, na siuonei haya. Nunua diski kwa sababu za diski: inaingia kwenye mashine yako, ina kasi, ina dhamana ndefu. Usimbaji uuache kwa programu. Zamani programu ilikuwa inaichosha kompyuta kweli, lakini tangu mwaka 2010 Intel walipoanza kutia maagizo ya AES ndani ya prosesa zao, na wengine wakafuata, kwenye mashine za leo wengi hamtasikia tofauti. Diski inayojisimba siipingi kwa anayelazimishwa na kanuni za ofisi yake, lakini naye aipe programu kazi juu yake. Na ile nywila ya diski inayowekwa kwenye laptopu za zamani, katika BIOS, yaani programu ndogo inayoiamsha mashine, kwenye diski isiyojisimba, hiyo ni danganya toto. Diski inakataa kusema, lakini yaliyoandikwa humo yapo wazi.

Kuhusu kuingia kwenye mashine, nasema kwa ufupi kwa sababu nimewaona wengi wakirudisha diski dukani. Kile kibao chembamba kinaitwa M.2, na kingi ni cha milimita 22 kwa 80, ndiyo maana kimeandikwa 2280. Lakini umbo likifanana, lugha huenda isifanane: vipo vya SATA na vipo vya NVMe, na tundu la laptopu yako linaweza kukubali kimoja tu. Angalia kabla hujalipa. Na ukishanunua, simba kabla hujaweka faili hata moja. Kabla, si baada. Sababu nitaisema mwishoni.

Haya, diski imefungwa, programu imewashwa. Ufunguo uko wapi?

Nitawasimulia la kwangu. Laptopu yangu ilikorofisha, haiwaki. Nikaipeleka kwa mafundi, wakaniambia ubao mkuu umekufa, wakaweka mwingine. Kazi safi. Nikaiwasha palepale kaunta nikiwa nimeshalipa. Kioo kikawa buluu, na maneno yakinitaka niingize tarakimu 48 za ufunguo wa dharura.

Tarakimu 48! Kumbe kwenye laptopu nyingi, BitLocker huliweka kasha la ufunguo mikononi mwa chipu inayoitwa TPM, na chipu ile hukaa kwenye ubao mkuu. Ubao wangu wa zamani ulikuwa kwenye pipa la taka za mafundi, na TPM yangu nao. Sikutaharuki. Nikawaambia, "Hakuna shida, ufunguo wa dharura niliuhifadhi, niliuweka vizuri kabisa kwenye faili." Fundi, kijana mpole, akaniuliza, "Mzee, faili hilo liko wapi?"

Mmeanza kucheka. Ndiyo. Lilikuwa kwenye eneo-kazi la laptopu ile ile. Nilikuwa nimeufungia ufunguo ndani ya nyumba, kisha nimesimama nje naugongea mlango. Jasho jembamba lilinitoka. Miezi saba ya kazi yangu ilipotea siku hiyo, na hakuna wa kumlaumu, si mafundi, si waliotengeneza programu. Programu ilifanya kazi yake barabara: ilimzuia asiye na ufunguo. Asiye na ufunguo nilikuwa mimi.

Kwa hiyo, tarakimu zile 48, makundi manane ya sita sita, ziandikeni kwenye karatasi. Ndiyo, karatasi! Mwizi wa mtandaoni hawezi kuisoma karatasi iliyo ndani ya droo. Mkitaka ziwekeni pia kwenye akaunti yenu ya mtandaoni, mradi mjue kwamba akaunti hiyo nayo imekuwa ufunguo, na ulinzi wake uwe wa kiasi hicho. Lakini karatasi iwepo, na isikae kwenye mkoba wa laptopu. Nimewahi kuikuta imebandikwa kwa gundi ya plastiki chini ya laptopu yenyewe, na sitasema ni ya nani, ingawa namwona amekaa safu ya tatu.

TPM hiyo hiyo ina neno jingine. Ikiachwa peke yake bila PIN, laptopu inajifungulia diski mara tu inapowashwa, kabla hujabonyeza chochote. Ni raha, lakini kwenye baadhi ya mashine ufunguo unasafiri kwenye nyaya za ubao kila unapowasha. Mwaka 2024 mtafiti mmoja alionyesha kwenye video jinsi alivyounasa njiani, kwenye laptopu ambayo TPM yake ni chipu inayojitegemea, kwa kifaa cha dola zisizofika 10, kwa muda usiofika dakika moja. Kwa hiyo mwenye kubeba vitu vizito aongeze PIN ya kuwashia. Aliyebeba picha za harusi, hiari yake.

Na nywila, kwa wanaotumia LUKS na wengineo wanaoandika kwa mkono? Msiipambe. Jina la mtoto likifuatiwa na alama ya mshangao limeshajaribiwa kabla hujamaliza kulifikiria. Chukueni dadu, rusheni mara tano, mpate namba ya tarakimu tano, namba hiyo mwitafute kwenye orodha ya maneno 7,776 iliyopangwa kwa ajili hiyo. Fanyeni mara sita. Maneno sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa na dadu, si na nyinyi. Sisi wanadamu hatujui kubahatisha. Kila tukijaribu tunajisema. Jambo dogo tu: saa ile ya kuwasha, kabla mfumo haujapanda, kibodi mara nyingi inakuwa na mpangilio wa Kimarekani. Alama zenye mikia na nukta zinaweza kukugeuka. Herufi ndogo za kawaida na nafasi hazina fitina.

Sasa naomba mniangalie mikono. Nimemaliza kazi. Nafanya hivi: paa. Nimeifunika laptopu. Naitia mkobani, naondoka. Imefungwa?

Nasikia "ndiyo" kutoka kule nyuma. Hapana, mama yangu, hapo nimefunika kombe mwanaharamu apite. Laptopu iliyofunikwa kwa kawaida imelala tu, haikuzimwa, na ikiwa imelala, ufunguo wa ndani umekaa kwenye kumbukumbu yake ya muda, ile inayoitwa RAM, uchi. Lazima ukae humo, la sivyo isingeweza kusoma diski ukiiamsha. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao waliwaonyesha watu kitu ambacho wengi hawakukiamini. Sisi sote tulifundishwa kwamba umeme ukikatika, kumbukumbu inafutika hapo hapo. Wao walichukua kopo la hewa ya kupulizia vumbi, lile la kawaida, wakaligeuza chini juu ili limwage ubaridi, wakaipuliza kumbukumbu mpaka ikafika nyuzi 50 chini ya sifuri. Kisha wakakata umeme. Dakika 10 baadaye, biti zilizokuwa zimepotea hazikufika hata moja katika mia. Wakaisoma, wakautoa ufunguo. BitLocker, FileVault, programu za Linux, zote ziliangukia humo.

Mimi siwaambii kwamba kila kibaka anatembea na kopo la hewa. Ninachosema ni kwamba ukipita mahali ambapo laptopu inaweza kutoka mkononi mwako, uwanja wa ndege, hotelini, kwenye basi, izime. Izime kabisa, au uiweke ile hali ya kuandika kila kitu kwenye diski na kukata umeme wote. Diski iliyosimbwa inalinda mashine iliyozimwa. Iliyowashwa ikaachwa mezani iko wazi kwa yeyote anayeketi mbele yake.

Nakala rudufu nazitaja kwa haraka kwa sababu mmezisikia mara mia. Diski ya kawaida ikiharibika kidogo, fundi hodari anaweza kuokota faili hapa na pale. Iliyosimbwa haina huruma hiyo. Lile kasha dogo la ufunguo lipo mahali pamoja, mwanzoni mwa diski kwa watumiaji wa LUKS, na likiharibika basi terabaiti nzima imekuwa mchanga, hata nywila uwe unaikumbuka. LUKS ina amri ya kunakili sehemu hiyo ya mwanzo. Itumieni, nakala muiweke nje ya diski hiyo. Na nakala za faili zenyewe nazo zisimbwe, jamani. Nimeona mtu amesimba laptopu kwa ustadi wote, kisha kila jioni ananakili vyote kwenye diski ya nje iliyo wazi, naye anaibeba kwenye mkoba ule ule.

Niliahidi kueleza kwa nini usimbe kabla ya kuweka faili. SSD ina tabia yake: haiandiki juu ya kilichopo. Ukibadilisha faili, inaandika toleo jipya mahali pengine, la zamani linabaki likisubiri kufutwa kwa wakati wake, na baadhi ya sehemu hizo kompyuta haiwezi hata kuzifikia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu njia zilizozoeleka za kufuta faili moja moja kwenye SSD. Hakuna hata moja iliyofaulu. Kwa hiyo uliyoyaandika wazi mwanzoni yanaweza kubaki pembeni hata baada ya kusimba.

Lakini tabia hiyo hiyo ndiyo inayofanya usimbaji uwe neema siku ya kuigawa au kuiuza. Ikiwa tangu mwanzo kila kitu kilisimbwa, huna haja ya kufuta terabaiti. Unaangamiza kasha la ufunguo, basi, hata vipande vilivyojificha pembeni havisomeki tena. Diski nyingi zinazojisimba zina hata namba iliyochapishwa kwenye lebo, inaitwa PSID. Ukiiingiza, ufunguo wa ndani unatupwa, unabuniwa mwingine, na diski inarudi kama mpya. Ndiyo maana ukikuta ya mtumba iliyofungwa nywila ya mtu, lebo hiyo itakufaa kuitumia diski. Faili zake hutazipata.

Wakati naandaa maneno haya, mke wangu aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. Akasema, "Siku usipoamka, mimi nitafunguaje?" Picha zote za watoto zimo humo. Hati ya kiwanja imo humo. Nilikaa kimya muda mrefu.

Sasa ipo bahasha kwa dada yangu, imefungwa kwa nta. Ndani kuna tarakimu 48 na jina la mke wangu, basi. Dada hajui ni namba za kitu gani, na laptopu hana. Mke wangu anayo laptopu, namba hana. Kila mwaka nampigia dada simu kumuuliza kama bahasha ipo, naye kila mwaka ananijibu kwamba ipo, na ananiuliza kama nimemficha deni.

Katibu, hii hapa diski yako. Ngoja niirudishie skrubu kabla hatujaingia kwenye maswali.